Tenzing Norgay na swali la nani aliyetangulia

Katika mashindano ya chemshabongo yanayofanyika shuleni mwetu kuna swali moja ambalo halikosi kujitokeza: ni nani aliyekuwa mtu wa kwanza kufika kwenye kilele cha mlima Everest? Jibu linalotarajiwa, na ambalo mwalimu hulitia alama ya vema bila kusita, ni Edmund Hillary wa New Zealand. Mwanafunzi akiongeza jina la Tenzing Norgay hapewi alama zaidi, na asipoliongeza hapunguziwi. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila ninapolitafakari naona kwamba swali lenyewe lina kasoro. Watu wawili waliofungana kwa kamba moja, wakabadilishana zamu ya kutangulia tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri, hawawezi kutenganishwa kwa hatua chache za mwisho. Aidha, mmoja wao alikuwa amekwisha kuujaribu mlima huo mara sita kabla ya siku ile. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia leo.

Tenzing alizaliwa mwaka 1914. Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani, kwa maana wazazi wake walikuwa wafugaji wasiotumia kalenda ya Wazungu. Alichofahamu ni kwamba ilikuwa mwishoni mwa Mei, kwa kupimia hali ya hewa na mimea shambani. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Namgyal Wangdi. Alipokuwa bado mtoto, lama mkuu wa makao ya watawa ya Rongbuk, yaliyoko upande wa kaskazini wa Everest, ndiye aliyependekeza jina jipya la Tenzing Norgay, ambalo maana yake, kwa kukaribia, ni mfuasi wa dini mwenye mali na bahati. Mali haikuonekana kwa miaka mingi. Mama yake, Kinzom, alizaa watoto 13, na Tenzing alikuwa wa 11. Wengi wao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake, Mingma, alichunga yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi.

Mahali alipozaliwa pamezua ubishi hadi leo. Katika kitabu cha maisha yake alijitambulisha kuwa mwana wa Khumbu, upande wa Nepal. Baada ya kifo chake, mwanawe na watafiti kadhaa walieleza kwamba alizaliwa upande wa Tibet, katika bonde la Kharta, kisha akahamia kijiji cha Thame huko Khumbu akiwa mtoto. Ukiongeza kwamba alikaa Darjeeling nchini India kwa zaidi ya miaka 50, utaelewa ni kwa nini serikali zaidi ya moja zilimng'ang'ania alipopata sifa. Wakati alipokuwa akibeba mizigo hapakuwa na serikali iliyojishughulisha kuuliza alikuwa raia wa wapi.

Hapa nafaa kusema machache kuhusu watu waliomlea, kwa sababu lugha imewatendea isivyo haki. Neno Sherpa si jina la kazi. Ni jina la kabila, na maana yake ni watu wa mashariki, kwani mababu zao walitoka eneo la Kham, mashariki mwa Tibet, wakavuka milima na kuingia Khumbu yapata miaka 500 iliyopita. Wazungu walipozoea kuwaajiri vijana wa kabila hili kubeba mizigo, jina likageuka kuwa sawa na mpagazi, hata leo utasikia mtu wa kabila jingine kabisa akiitwa sherpa kwa vile tu amejitwika mzigo mgongoni. Walimu wa Kiswahili watakubaliana nami kwamba jina la taifa la watu likigeuzwa kuwa jina la utumishi, heshima yao hupungua polepole pasipo mtu kukusudia.

Vijiji vyao vimeshikilia miteremko mikali. Namche iko kwenye kimo cha mita 3,440. Khumjung na Thame ziko karibu mita 3,800. Nyumba za mawe hujengwa kwa ghorofa mbili: chini hulala mifugo na kuhifadhiwa kuni na viazi, juu huishi jamaa katika chumba kimoja kirefu chenye meko, safu ya vyungu vya shaba ambavyo ndivyo fahari ya mwenye nyumba, na pembe ya sala. Chakula chao kikuu ni viazi, ambavyo havikufika huko hadi karne ya 19, pamoja na unga wa shayiri iliyokaangwa, na chai iliyotiwa chumvi na siagi badala ya sukari. Mgeni hajazwi kikombe mara moja akaachwa. Kila akipiga funda kikombe hujazwa tena, na kukataa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa ni adabu tu, si kukataa.

Watoto wengi hupewa majina ya siku waliyozaliwa. Nima ni wa Jumapili, Dawa wa Jumatatu, Mingma wa Jumanne, Lhakpa wa Jumatano, Phurba wa Alhamisi, Pasang wa Ijumaa na Pemba wa Jumamosi. Sisi tulio na akina Juma na Khamisi hatutaona ajabu. Njiani kuna kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, na mpita njia huzipita zikiwa upande wake wa kulia, hata kama njia ya upande wa pili ni fupi zaidi.

Kabla ya Wazungu kuja, watu hawa hawakuwa na desturi ya kupanda vilele. Everest kwao ni Chomolungma, makao ya mungu wa kike, na hapakuwa na sababu ya mtu kwenda kukanyaga paa la nyumba ya mungu. Lakini isidhaniwe kwamba waliogopa vimo. Wafanyabiashara wao walivuka njia ya Nangpa La, iliyo zaidi ya mita 5,700, wakipeleka nafaka Tibet na kurudi na chumvi na sufu. Ndugu msomaji, kilele cha Batian katika Mlima Kenya kina mita 5,199. Watu hao basi walikuwa wakipitisha mifugo iliyosheheni mizigo mahali palipopita Batian kwa nusu kilomita, na hawakuliita jambo hilo ushujaa. Waliliita biashara.

Tenzing alipelekwa katika makao ya watawa ya Tengboche ili awe mtawa, akaona maisha hayo si yake, akarudi nyumbani. Akiwa na miaka 13 alitoroka kwenda Kathmandu, akarudi tena. Mwishoni mwa 1932, akiwa na umri wa miaka 18, alitoroka mara hii kwenda Darjeeling, mji wa mashamba ya chai ambako misafara ya Waingereza ilikusanya wapagazi. Alichunga ng'ombe, akauza maziwa. Mwaka 1933 alijaribu kuajiriwa katika msafara wa Everest akakataliwa, kwa kuwa alikuwa amekata nywele zake ndefu na kuvaa mavazi ya Kinepali, hivyo wakubwa hawakuamini kwamba ni Msherpa.

Kazi aliyoitafuta haikuwa mchezo. Mnamo tarehe 7 Juni 1922 maporomoko ya theluji yalikuwa yameua wapagazi saba wa msafara wa Waingereza. Watu saba walikufa siku moja, na hakuna Mwingereza miongoni mwao.

Aliyemchagua Tenzing hatimaye, mwaka 1935, alikuwa Eric Shipton, na jina hili halipaswi kuwa geni kwetu. Shipton alikuwa mlowezi aliyekuja Kenya mwaka 1928 kufanya kazi ya kilimo. Januari 1929, pamoja na Percy Wyn Harris aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni humu nchini, alifika kwenye kilele cha Nelion, ambacho kabla ya hapo hakikuwa kimepandwa. Mlima wetu ndio uliomfunza. Inasimuliwa kwamba Shipton alipowapitia vijana waliopanga mstari huko Darjeeling alivutiwa na tabasamu la mmoja wao, akamwongeza kwenye orodha dakika za mwisho. Maisha ya mtu, nyakati nyingine, huning'inia kwenye kitu chepesi namna hiyo.

Tenzing alikwenda Everest mwaka 1935, akaenda tena 1936 na 1938. Safari hiyo ya tatu alibeba mizigo hadi kimo cha zaidi ya mita 8,200, akatunukiwa nishani ya Chui Milia iliyotolewa kwa wapagazi waliofika mbali zaidi. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaifunga milima. Alifanya kazi kwenye mesi ya maofisa wa jeshi huko Chitral, na huko mkewe wa kwanza, Dawa Phuti, akafariki mwaka 1944, akimwachia mabinti wawili wadogo, Pem Pem na Nima. Mwana wao wa kiume alikuwa ametangulia mwaka 1939. Tenzing alirudi Darjeeling na watoto wake, akamwoa Ang Lahmu. Misafara ilipokosekana na mume akakaa bure, mwanamke huyo aliajiriwa kama yaya ili nyumba isilale njaa. Wasifu wa mashujaa una desturi ya kuwapita wanawake kama Ang Lahmu kwa sentensi moja. Nami nakiri nafasi yangu ni finyu, ila nisingeweza kumpita kimya.

Mwaka 1947 alikuja kwake mtu wa ajabu aliyeitwa Earl Denman, mzaliwa wa Canada aliyeishi Afrika. Denman alikuwa amepanda volkano zote nane za Virunga, kwenye mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda, na sasa alitaka Everest bila kibali, bila fedha na bila vifaa vya kutosha. Tenzing alijua kwamba ni wazimu. Alikubali. Waliingia Tibet kwa siri, wakapambana na upepo na baridi, wakarudi mikono mitupu. Denman alimwachia kofia ya sufu ya kufunika kichwa na shingo, na Tenzing aliihifadhi.

Mabadiliko makubwa katika maisha yake yaliletwa na Waswisi mwaka 1952. Nepal ilikuwa imewafungulia wageni mipaka yake, na njia ya kusini ikawa wazi. Waswisi walimfanya Tenzing kiongozi wa wapagazi na, jambo lililokuwa jipya, wakamhesabu pia kuwa mpandaji kamili aliye sawa nao. Alifungwa kamba na Raymond Lambert, mtu mwenye kifua kipana aliyekuwa amepoteza vidole vya miguu kwa kuganda kwa baridi katika milima ya kwao. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache ya Kiingereza. Usiku mmoja walilala kwenye hema katika kimo cha kama mita 8,400 bila mifuko ya kulalia na bila jiko, wakapigapigana ili damu isigande na kuyeyusha kipande cha barafu juu ya mshumaa wapate tone la maji. Kesho yake, tarehe 28 Mei, walipanda hadi karibu mita 8,600, mahali ambapo haijulikani kwa hakika kama kuna binadamu aliyewahi kupapita kabla yao. Mitambo yao ya oksijeni haikufanya kazi vizuri, waligeuka. Lambert alimpa skafu yake nyekundu. Baadaye mwaka huohuo Tenzing alijaribu tena na Waswisi, akashindwa tena, akarudi Darjeeling mgonjwa na amekonda.

Huu ndio mtu aliyeitwa na Waingereza mwaka 1953. Msafara wa John Hunt ulikuwa mfano wa jeshi: wapagazi 362, Washerpa 20, na mizigo ya zaidi ya kilo 4,500. Kabla hata safari haijaanza palitokea tukio ambalo vitabu vingi vya shule havilitaji. Huko Kathmandu Waingereza walipewa vyumba katika jengo la ubalozi wao. Washerpa walionyeshwa gereji iliyowahi kuwa banda la farasi, walale sakafuni, pasipo choo. Asubuhi walieleza hasira yao kwa kujisaidia haja ndogo barabarani mbele ya jengo hilo. Tenzing alijikuta katikati, yeye kiongozi wao na pia mwanachama wa msafara, akajitahidi kuutuliza ugomvi. Wapo wanaolicheka tukio hilo. Mimi silicheki, maana mtu atakayekubebea hema lako hadi mahali ambapo ukianguka ndiye atakayekushika, hawezi kulazwa mahali pa farasi.

Na kushikwa kulihitajika kweli. Siku moja kwenye maporomoko ya barafu Hillary aliruka ufa, ukingo ukamvunjikia, akaanguka ndani. Tenzing alikita shoka lake la barafu, akaizungushia kamba na kuikaza. Hillary alitoka salama. Kuanzia hapo wawili hao walipendelea kupanda pamoja.

Jozi ya kwanza iliyotumwa kileleni ilikuwa ya Waingereza Tom Bourdillon na Charles Evans. Mnamo tarehe 26 Mei waliishia chini kidogo ya mita 100 kabla ya kufika. Zamu ikawa ya Tenzing na Hillary. Usiku wa tarehe 28 walilala kwenye kimo cha mita 8,500 hivi. Hillary alikuwa amevua viatu vyake, na asubuhi akavikuta vimekuwa magogo. Ilibidi avibanike juu ya jiko muda mrefu. Tenzing hakuvua vyake. Uzoefu wa safari sita ulikuwa umemfundisha mambo madogomadogo kama hayo ambayo hayaandikwi kwenye nishani.

Walifika saa tano na nusu asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953. Hillary alinyoosha mkono amsalimu kwa adabu ya Kiingereza, Tenzing akamkumbatia. Shingoni alikuwa na skafu ya Lambert, kichwani kofia ya Denman, miguuni soksi zilizofumwa na Ang Lahmu. Kaskazini aliweza kuyaona makao ya Rongbuk yaliyompa jina, na kusini yale ya Tengboche aliyoyakimbia utotoni. Alifukua kidogo kwenye theluji akaweka peremende kama sadaka kwa mungu wa mlima, na kalamu ya risasi, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, aliyopewa na binti yake Nima. Picha pekee ya mtu iliyopigwa kileleni siku hiyo ni ya Tenzing ameinua shoka lenye bendera za Umoja wa Mataifa, Uingereza, Nepal na India. Mpigaji picha alikuwa Hillary. Baada ya robo saa walianza kushuka.

Waliporudi kwenye mabonde walikuta kitu kigumu kuliko mlima. Barabara za Kathmandu zilijaa watu waliobeba michoro ya Tenzing akimvuta kwa kamba Hillary aliyelegea. Magazeti ya Uingereza nayo yalikuwa na masimulizi yao. Kila upande ulitaka kusikia kwamba mtu wake ndiye aliyetangulia. Wawili hao walitia sahihi taarifa ya pamoja kwamba walifika kileleni karibu wakati mmoja. Hunt na Hillary walipewa cheo cha Sir. Tenzing alipewa Nishani ya George. Wapo wanaoeleza kwamba Katiba ya India hairuhusu raia kupokea vyeo vya ufalme wa kigeni. Hata hivyo, kwa macho ya watu wa Darjeeling na Khumbu, watu watatu walikwenda na wawili wakarudi mabwana.

Tenzing hakujua kusoma wala kuandika, ijapokuwa alizungumza lugha kadhaa. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1955 alikisimulia kwa Mmarekani James Ramsey Ullman. Humo alisema wazi kwamba Hillary alitangulia hatua chache na yeye akamfuata. Hakuna aliyemlazimisha. Mamilioni ya watu nchini India na Nepal walikuwa tayari kuamini kinyume chake milele, na kinyume hicho kingemletea faida. Mimi naliona tendo hilo kuwa gumu kuliko kupanda lile jabali la mwisho chini ya kilele, ambalo limeitwa kwa jina la Hillary.

Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimpenda. Novemba 1954 chuo cha upandaji milima kilifunguliwa Darjeeling, na Tenzing, baada ya kupata mafunzo Uswisi, akawa mkuu wa mafunzo ya nyanjani. Mtu asiyejua kusoma akawa mwalimu wa maofisa na wanafunzi wa vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 20. Mpwa wake Nawang Gombu, aliyekuwa kijana mdogo katika msafara wa 1953, alikuwa mtu wa kwanza kufika kilele cha Everest mara mbili, mwaka 1963 na 1965. Hillary kwa upande wake alirudi Khumbu kujenga. Shule ya Khumjung ilifunguliwa mwaka 1961, kwa kuwa Washerpa walipoulizwa walihitaji nini waliomba shule.

Tenzing naye alikuwa na msimamo huohuo. Alistaafu mwaka 1976, akaanzisha kampuni ya kuwaongoza watalii mwaka 1978, na mapato yake yakaenda katika karo. Mwanawe Jamling alipomwomba msaada wa kupanda Everest alimkatalia. Alimweleza kwamba yeye aliupanda mlima ule ili watoto wake wasilazimike kuupanda. Jamling akapelekwa chuoni Marekani.

Tenzing alifariki Darjeeling tarehe 9 Mei 1986. Msururu wa waombolezaji ulikuwa mrefu kupita kilomita moja, na Hillary, aliyekuwa wakati huo balozi wa New Zealand nchini India, alisafiri kumzika. Miaka kumi baadaye, Mei 1996, katika msimu ambao dhoruba moja ilikuwa imekwisha kuua wapandaji wanane, Jamling alifika kileleni kinyume cha matakwa ya baba. Aliacha huko picha ya wazazi wake na, kama baba alivyofanya na kalamu ya Nima, kichezeo cha binti yake mdogo.